Tupeane uzoefu: tangazo gani lilikupa fildi (mafunzo kwa vitendo) au kazi kweli, wewe uliyesoma Moshi au Arusha?

Mwenye uzi (Moshi)

Wakuu habari za majukumu. Naomba tufunguke hapa, hasa tuliosoma au tunaosoma vyuo vya huku kaskazini, Ushirika, Mwenge, KCMC, Uhasibu Njiro, Makumira, ATC na wengine wote. Kila asubuhi ukifungua grupu la kozi unakuta matangazo yamemwagwa, yote yameforwadiwa, ukimuuliza aliyetuma anasema katumiwa, CR, kiongozi wa darasa, mwenyewe hajui yametoka wapi. Nafasi 300, mwisho leo saa sita usiku, bonyeza linki. Unabonyeza linki inakupeleka kwenye dawa za kupunguza tumbo.

Sasa sitaki ushauri wa andaa CV nzuri sijui kuwa na nidhamu, huo tunao wa kutosha. Nataka mtu aseme tangazo aliliona wapi, akafanya nini, akapata nini. Hata kama ulipigwa hela sema tu, hapa hatujuani.

Naanza mimi. Fildi ya mwaka wa pili sikuipata kwenye grupu lolote. Kuna steshenari karibu na chuo nilikua naenda kufotokopi, yule mama anachapa kazi za watu wengi wa mjini, siku hiyo kashika orodha ndefu ya wanachama wa SACCOS moja anaichapa huku analalamika macho yanauma. Namuuliza hii ya nini, ananiambia mwanangu hawa wameambiwa taarifa zao zote ziingie kwenye mfumo wa Tume ya Ushirika, ule wa MUVU, hawana mtu wa kompyuta ndo maana wananiletea mimi. Nikachukua barua yangu ya utambulisho nikaenda hukohuko. Meneja hakugusa habari ya GPA, alinipa leja ya karatasi na laptopu akasema ingiza huyu mwanachama, hisa zake, akiba zake, mkopo wake, nikuone. Nikaingiza. Jumatatu nikaanza. Hela hakuna, nauli na chai ya saa nne tu, ila mpaka leo wakaguzi wa COASCO, wale wa hesabu za vyama vya ushirika, wakikaribia napigiwa simu na hapo nalipwa kama mtu mzima.

Chalii wa Njiro

Uzi mzuri mkuu. Mimi Uhasibu. Kwetu msimu wa kutafuta fildi mnaujua, mnatoka asubuhi kila mtu na bahasha zake za kaki, mnashuka mjini na vifodi, Mnara wa Saa, Sokoine Road, mnaacha barua mapokezi mnaondoka mnasubiri simu. Hiyo simu haiji ndugu zangu, na sio kwamba wana roho mbaya, barua nyingi haijafika hata kwa mtu wa kuamua.

Mimi aliyenifungua macho ni mama mmoja wa masjala kwenye ofisi ya serikali. Nilimpa shikamoo yake vizuri nikamuuliza kwa adabu, mama hii barua ikitoka hapa kwako inaenda wapi? Akanielekeza mwanzo mwisho. Barua inagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, inaingia kwenye rejista, inapewa folio (namba yake ndani ya faili) inakaa kwenye faili, faili linapanda kwa bosi, bosi anaandika pembeni kwa wino "Utumishi, tafadhali shughulikia", linashuka tena. Linaweza kukaa mezani kwa mtu wiki nzima kwa sababu barua haijasema unaanza lini unamaliza lini na unataka kitengo gani, kwahiyo huyo wa utumishi hana cha kuandika kwenye dokezo lake. Mama akanionyesha rundo la barua za namna hiyo, yani rundo kweli.

Kwahiyo nikawa naenda na nakala mbili, moja naacha nyingine nagongewa muhuri naondoka nayo, na nachukua kumbukumbu namba. Nikirudi siulizi "vipi kuhusu fildi yangu", nauliza faili liko kwa nani. Wakinitajia ofisi napanda hukohuko. Nilipata uhasibu kitengo cha mapato, na hela ya fildi ya bodi ya mkopo ilikuta nishaanza kazi, wenzangu walikua bado wanazunguka na bahasha.

Mangi mdogo

"Faili liko kwa nani" 😂😂 hii naichukua

Nafuatilia tu

Nimekaa hapa siondoki. Mwaka wa tatu Mwenge, ualimu, ya BTP, mazoezi ya kufundisha, mbona hamuongelei

Mama Junia (Hai)

Yangu ni ya Sensa 2022. Nilikua nimemaliza chuo nipo nyumbani Boma nafuga kuku. Maombi yalikua ya mtandaoni lakini usaili unafanyika kwenye kata, na majina yanabandikwa ofisi ya kata. Sasa kuna watu waliomba kwa anuani ya walikokua wanasoma, mtu yupo Boma jina lipo kata ya Arusha mjini, usaili ukapita hajui. Mimi ofisi ya kata ni jirani, naenda naangalia ubao kila nikienda sokoni. Tukapewa mafunzo, tukapewa vile vishikwambi (ambavyo baadae waligawiwa walimu), tarehe 23 Agosti kazi ikaanza. Hela ile ndio iliyonilipia ada ya kozi nyingine, sitaki kuidharau.

Niseme tu jambo moja kuhusu hizi ajira za muda, sensa, uchaguzi, chanjo na zingine. Watu wa chuo tunaziona ndogo. Mtendaji wa kata akishakujua kwamba unafanya kazi na huna maneno, tangazo linalofuata anakupigia kabla halijabandikwa. Sasa huo ni upendeleo au ni kujulikana? Mimi naona ni kujulikana, mwenye lake aseme.

Mchongo wa mjini

Dada huo ni upendeleo tu tusizunguke. Ndo maana sisi tusiojulikana na mtendaji tunabaki na linki za kupunguza tumbo.

Mama Junia (Hai)

Kaka ofisi ya kata haina geti. Nenda kasalimie.

Bila jina (Sakina)

Ngoja niseme ya kupigwa maana mmesema semeni.

Tangazo lilikua limebandikwa kwenye nguzo ya umeme pale ninapopandia gari, halafu lilelile nikalikuta kwenye grupu la hosteli. Wanatafutwa vijana, kidato cha nne hadi chuo, kazi ya ofisini, mshahara kuanzia laki nne, hakuna uzoefu, piga namba hii. Nikapiga. Anapokea dada sauti tamu, haulizi umesoma nini, anauliza unaishi wapi na upo na nani. Kesho yake njoo saa mbili umevaa vizuri, usije na mtu. Hilo la usije na mtu lilinikaa vibaya lakini nikaenda, nikamuachia rumeti jina la mtaa.

Ni ukumbi wa ghorofani. Vijana wamejaa, muziki unapigwa mkubwa saa mbili asubuhi, makaka wamevaa suti zinazowabana wanatushika mikono kila mmoja "karibu bosi, karibu bosi". Fomu tukajaza, fomu yenyewe inauliza majina ya ndugu kumi na namba zao za simu. Kumi! Kazi gani inataka namba ya shangazi yangu? Halafu akapanda mmoja anasimulia alivyokua anauza maji stendi na sasa ana gari, ila gari hatujaliona. Mwisho ndo ikaja, kuna hela ya mafunzo na kuna ya kununua mzigo wa kuanzia, ukileta wenzako na wewe unapata kwa kila kichwa. Aliyesema hana hela akaambiwa akope boom (hela ya kujikimu ya mkopo) la mwenzake, hivi hivi nimesikia kwa masikio yangu.

Nikasema naenda chooni. Begi nikaenda nalo. Sikurudi. Ila rafiki yangu wa kozi nyingine alikua kalipa wiki moja kabla, hela ya kujikimu yote ya mwezi, na aliyemleta ni binamu yake, kwahiyo mpaka leo hawezi hata kudai. Hapo ndo wanapowashikia watu. Ungedanganywa na mgeni ungeenda polisi, sasa binamu unampeleka wapi?

Kwahiyo mimi tangazo likiwa halina jina la ofisi ila lina namba ya simu tu nalipita, hata liwe limetumwa na mchungaji.

Mgumu mstaafu (Marangu)

Mimi nilisoma utalii ila kazi nimeipata kwa kubeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro. Likizo ndefu ya chuo inaangukia kwenye haisizoni, msimu wa wageni wengi, Julai mpaka Oktoba, kampuni zinahangaika kupata wagumu, yani wabeba mizigo. Hakuna tangazo popote, unamjua gaidi (guide, muongoza watalii), gaidi anakwambia kesho asubuhi uwe getini. Pale getini mizigo inapimwa kwenye mizani, mwisho kilo 20 kwa mgumu, kama umezidishiwa sema palepale mbele ya mizani, ukishaingia msituni umekubali.

Sasa jioni kambini wageni wanataka kuongea na mtu, na mimi Kijerumani cha kuombea maji nilikua nacho. Gaidi akaniona. Msimu uliofuata nilikua ofisini najibu imeili za wageni. Wale tuliomaliza nao wakakaa wanasubiri tangazo la "afisa utalii" wengine bado wanasubiri. Kingine, maonyesho ya utalii ya Karibu-KiliFair ya Juni pale viwanja vya Magereza Kisongo, makampuni yote yapo sehemu moja na wenyewe wapo, sio mapokezi. Wiki moja kabla wanatafuta vijana wa kusimama kwenye mabanda.

Mdau wa Utumishi

Nimepita usaili wa Utumishi, yani Sekretarieti ya Ajira ya serikali, nigusie hiyo maana watu wa grupu wanapenda kudanganyana. Ajira Portal, mfumo wao wa kuomba kazi mtandaoni, haina malipo, anayekwambia lipia kuombewa ni steshenari tu anakuchaji kuandika, sawa, ila hana mtu ndani. Barua ya maombi isainiwe kwa mkono halafu ndo uiskani. Result slip (karatasi ya matokeo, sio cheti) hawapokei, wameandika kila tangazo na kila tangazo watu wanaweka. Usipoitwa ingia kwenye akaunti yako sababu ipo mule, usiende kulia Facebook. Nauli, chakula na kulala ni juu yako, sasa kama umeitwa Dodoma, toka Moshi piga hesabu mapema.

Na ushindani muujue. TRA 2025 walitangaza nafasi 1,596, walioitwa kwenye mtihani wa kuandika walizidi 135,000. Hiyo ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja, na hapo washachujwa. Mimi naomba kila likitoka lakini siwezi kukaa kitandani nasubiri hilo tu.

Nafuatilia tu

Mkuu samahani, cheti cha form four jina la kati limeandikwa kwa kifupi, NIDA limeandikwa lote, hapo inakuaje?

Mdau wa Utumishi

Nenda kwa wakili uandaliwe hati ya majina, ile wanaita didipoli, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, unaiambatanisha. Fanya sasa hivi ukiwa mwaka wa tatu, tangazo likitoka huna muda.

Mwenye uzi (Moshi)

Asanteni sana, sikutegemea. Nani ana uzoefu wa Kilimanjaro Marathon? Inaanzia na kuishia uwanjani kwetu Ushirika kila mwaka na kila mwaka naona wenzangu wamevaa fulana za wadhamini wanagawa maji, sijawahi kujua waliingiaje.

Binti Kiboriloni

Mimi nimefanya. Usisubiri Februari, ikifika hapo majina yameshajaa. Wanaotafuta vijana ni mawakala wa matangazo wa hao wadhamini, na wanaanza kwa waliofanya mwaka uliopita, kila mmoja anaambiwa alete mtu. Nicheki pm mwezi wa kumi na mbili nikumbushe, na uwe na kitambulisho cha chuo ambacho hakijaisha muda.

Mchongo wa mjini

Na mimi dada yangu, nakuja pm

Binti Kiboriloni

Wewe nenda kata kwanza 😂