Naomba ushauri: nimtumie mchumba wangu toleo refu la Midsommar au niache?

Binti_wa_Kihesa
Habari za usiku wakuu. Nipo Iringa, mchumba wangu yupo Mbeya, mwaka wa tatu huu. Juni alikuja tukaangalia Midsommar, ile muvi ya kutisha ya Ari Aster ya 2019, toleo la kawaida la dakika 147. Ilipoisha akasema, "Jamaa wa watu kaonewa, kosa lake nini mpaka achomwe ndani ya dubu?" Hata mimi nilimhurumia yule Christian, mpenzi wa Dani, binti mfiwa aliyekwenda naye kwenye sherehe za kijiji kimoja Sweden. Nikasema ni mzembe tu, si mtu mbaya.

Wiki iliyopita kijana wa kuuza muvi kaniwekea kwenye flashi toleo la muongozaji, dakika 171. Nimeliangalia peke yangu, nimejifunika blanketi mbili, na usingizi sikuupata. Si kwa ajili ya damu, damu ni ile ile. Kuna tambiko la usiku ziwani ambalo kwenye fupi halipo: mtoto anajitolea kutupwa majini, Dani anapiga kelele wamwache. Baadaye anamwambia Christian anataka kuondoka kijijini. Wanagombana, na jamaa anauzungusha ugomvi mpaka mwenye kosa anakuwa Dani.

Nilisimamisha muvi hapo. Maneno yale nayajua. Baba alifariki Februari. Mchumba alikuja kuzika, kesho yake alfajiri akaondoka. Arobaini hakuja wala hakupiga simu. Nilipouliza nikaambiwa nina gubu, namfanya ajione mbaya. Nikaomba samahani mimi.

Sasa nimtumie aone, au ninyamaze?

Fundi_Flashi
Mtumie. Kwenye fupi jamaa makosa yake mengi ni ya kusahau: kasahau siku ya kuzaliwa ya Dani mpaka Pelle, rafiki yao Mswidi aliyewaalika kijijini kwao, amkumbushe, hata muda waliokaa pamoja anaukosea. Mtu wa kusahau unamsamehe. Kwenye refu kaambiwa usoni "nataka kuondoka", kasikia, na bado kabaki. Hapo huwezi kusema hajui.

Baridi_ya_Makete
Napinga. Fupi ndiyo muvi. Unamhurumia Christian, halafu siku mbili baadaye unajishangaa kwa nini ulimhurumia. Refu linakutafunia kila kitu. Tena utisho wa ile kazi ni jua lisilozama, mauaji mchana kweupe watu wamevaa maua. Ukileta usiku macho yanapumzika.

Fundi_Flashi
Yapumzike tu mkuu. Giza lile ndiyo mara pekee wawili wale wanaambiana ukweli.

Kaka_Mafinga
Dakika 171? Atasinzia kabla hawajafika Sweden 😂

Mama_Tukuyu
Mimi si mtu wa muvi, wanangu ndio waliniwekea. Binti, pole sana na msiba.

Huku kwetu mwanamke akifika msibani analia na mfiwa, sauti juu ya sauti, hakuna wa kumwambia nyamaza. Kwa hiyo wale wasichana wa kijijini walipomshika Dani wakalia naye, pumzi kwa pumzi, wanangu walicheka, mimi nikasema afadhali, kapata watu. Dani kapoteza wazazi na ndugu yake siku moja, na mwanamume wake alikuwa akimbembeleza kama mtu anayesubiri basi. Nilikaa kama dakika tano ndipo nikashtuka: hawa ndio wachinjaji! Kilio walikijua kuliko Christian, wakamchukua kwa kilio hicho hicho.

Usimtumie muvi. Atakuja kubishana nawe habari za dubu. Mwambie arobaini, kwa jina lake: hukuja. Halafu angalia na upande wa pili. Tangu msiba nani anakuja kulia nawe? Maana Pelle naye alianza kwa pole na picha nzuri ya kuchora.

Baridi_ya_Makete
Mama umemaliza. Ila fupi bado ni bora.

Binti_wa_Kihesa
Shikamoo mama. Umejuaje? Kuna kaka mmoja kazini, tangu Februari ananiletea chai ya tangawizi kila asubuhi, anakaa ananisikiliza habari za baba. Na kila mara ananiuliza yule wa Mbeya kapiga simu au bado.

Meseji niliyokuwa nimeiandika nimeifuta. Jumamosi napanda basi la alfajiri. Flashi nitaibeba, ila ikae kwenye pochi.

Mama_Tukuyu
Marahaba mwanangu. Huyo wa chai, kwao wapi?