Tupeane uzoefu: Uruk wanaokukumbuka, Shadow of Mordor na Shadow of War

PadiMbovu
Wadau, salaam. Uzi huu ni wa magemu mawili ya Monolith: Middle-earth: Shadow of Mordor ya 2014 na Shadow of War ya 2017. Habari za Talion (mhusika unayemcheza) na kivuli cha Celebrimbor (mzimu wa elfu anayemwandama) tuziache kando, hapa tuzungumzie mfumo wa Nemesis tu. Uruk (askari wa jeshi la Sauron, adui mkuu) wa kawaida asiye na jina akikuua, anapanda kuwa kapteni, anapata jina na lakabu, na mkikutana tena anakutajia kilichotokea mara ya mwisho. Kila mtu aweke kinachofanya kazi: nani anarudi, adui analelewaje, anatekwaje. Masimulizi ya "nilimchapa vibaya" hayamsaidii anayeanza leo.

Naanza na msingi. Ukifa, muda wa jeshi la Sauron unasogea. Mashindano yao ya ndani (duwa, karamu, uwindaji, kuviziana) yanaamuliwa bila wewe, mmoja anapanda na mwingine anazikwa. Katika gemu la kwanza unaweza pia kupitisha muda kwa makusudi kwenye mnara wa Forge. Kwa hiyo kabla ya kuingia vita yenye hatari, fungua ukurasa wa jeshi uone ni mashindano gani yako njiani. Kama kapteni unayemtaka yuko kwenye duwa na mwenye nguvu kumzidi, kamalize hilo kwanza. Ukifa kabla, huenda usimkute tena.

Bi_Mishale
Nyongeza kwenye ukurasa huohuo: usimfuate kapteni ambaye kadi yake (maelezo ya nguvu na udhaifu wake) bado ni giza. Mtafute Uruk mwenye alama ya kijani, mkamate akiwa hai, mhoji. Ukimuua kwa upanga kwa pupa, taarifa zimekwenda naye. Tumia taarifa kwa yule unayekwenda kupigana naye sasa hivi, usizitawanye.

Kwenye kadi soma mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza kinga: asiyedhurika kwa mishale au kwa kuviziwa anakuharibia mpango mzima. Pili chuki, maana chuki si udhaifu. Anayechukia moto, ukimchoma anapandwa na hasira na kuwa mkali zaidi. Wengi wanaona neno "moto" wanakimbilia kupiga mapipa na maana yake imegeuka. Tatu hofu: moto, caragor (mnyama mkali wa kuwinda), nzi wa Morgai, ghul (viumbe wanaotoka kwa makundi), kusalitiwa.

Mwenye hofu ya nzi ndiye kazi rahisi kuliko wote. Msubiri apite chini ya mzinga wa nzi hao, uangushe kwa mshale mmoja. Anaacha vita na kukimbia. Hapo ndipo watu wanapompoteza, kwa sababu wanamfukuza kwa miguu huku kundi zima linawapiga mgongoni. Mpigilie mguu chini kwa mshale kwanza, halafu ndiyo umfuate.

Mzee_wa_Nurnen
Makamanda wa vita (wakuu wa makapteni) katika gemu la kwanza hawatoki hadi utimize sharti lao, na wakitoka wanatoka na walinzi wao. Utaratibu ni kuanza na walinzi, mmoja mmoja, kila mmoja mahali pake. Ukimwita kamanda mwenye walinzi hai, unapigana na makapteni kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na kinga yake, na hakuna pigo linalowafaa wote.

Jongoo84
Kwa anayetaka adui wa maana na si wa kupita tu: Uruk hupanda nguvu kila akikuua, kila ukimkimbia, na kila akishinda shindano lake. Katika Shadow of Mordor kikomo ni 20. Ukimlea hadi hapo, runi (nguvu ya kutia kwenye silaha yako) atakayoangusha ni bora kuliko ya kapteni mchanga. Ukifika sehemu ya hadithi inayokupa uwezo wa kumtia mtu alama na kumtawala, kuna njia ya haraka zaidi: mtawale Uruk wa chini, mtume apeleke tishio la kifo kwa kapteni. Kapteni anapanda nguvu na kujikusanyia ulinzi, na runi nayo inapanda thamani.

Hatari yake: kinga zinaongezeka pamoja na nguvu. Mlee yule ambaye angalau ana udhaifu mmoja unaouweza wakati wowote. Mwenye hofu ya graug (mnyama mkubwa kama jitu) ni mtego, kwa sababu graug hapatikani kila mahali.

PadiMbovu
Na nani anarudi baada ya kufa?

Jongoo84
Gemu halikuahidi kitu, lakini namna ya kumuua inahusika. Aliyechomwa anarudi na makovu ya moto, aliyepigwa mshale usoni anarudi na jicho limezibwa. Gemu la kwanza, aliyekatwa kichwa kwa kawaida mmeachana. Ukitaka arudi, usimalizie kwa pigo la shingo.

Bi_Mishale
Gemu la pili usitegemee hilo, mkuu. Huko hata aliyekatwa kichwa ameshaonekana amerudi na shingo iliyoshonwa. Wengine wanarudi na viungo vya chuma. Na akirudi si yuleyule: anaweza kuja na kinga mpya dhidi ya kitu kilekile kilichomuua. Usiende na mpango wa zamani kabla hujasoma kadi upya.

Kaskazi_Gamer
Niongezee la gemu la pili ambalo halimo katika la kwanza: kapteni anajifunza papo hapo, katikati ya pambano. Ukiruka juu ya kichwa chake mara kadhaa mfululizo, anakudaka hewani. Ukimgandisha kwa barafu kila mara, barafu inakoma kumshika. Maandishi ya kwamba amezoea yanatokea kwenye skrini, na pigo hilo katika vita hiyo limekwisha.

Tiba yake ni kuchanganya. Anza na mshale kwa mbali, ingia na upanga, ruka mara moja, barafu mara moja, kisha rudi kwenye mshale. Lile pigo linalomuumiza sana usilifungue mwanzoni. Liweke mpaka damu yake imeshuka nusu, ili hata akilizoea asiwe na muda wa kulitumia dhidi yako.

Pia angalia alama ya No Chance kwenye kadi. Kapteni huyo akikuangusha hupati ile nafasi ya mwisho ya kubonyeza na kujiokoa. Anayecheza kiwango cha ugumu cha Gravewalker hana nafasi hiyo kwa yeyote, kwa hiyo kwake kila kapteni ni wa namna hiyo.

Mama_Olog
Kuteka watu, yaani kumgeuza kapteni awe mfuasi wako, Shadow of War. Kapteni aliyekuzidi leveli hatekwi. Mdhalilishe: mvunje, kisha chagua kumwaibisha badala ya kumuua. Anashuka leveli na kuachwa aende. Rudia hadi alingane nawe au awe chini yako. Mwenye alama ya Iron Will kwenye kadi naye hatekwi hata leveli ikiwa sawa, na dawa yake ni hiyohiyo ya kudhalilisha hadi alama ile ivunjike.

Sasa kasoro yake. Kila unapomwaibisha kuna uwezekano akili imtoke. Akishafika huko haongei tena vizuri, anarudiarudia neno moja au kupiga kelele tu, na ule mdomo uliomfanya apendwe umekwenda. Wakati mwingine pia aibu inamgeuza kuwa mkali zaidi na kupanda badala ya kushuka. Kwa kapteni mwenye maneno matamu, afadhali ujipandishe leveli wewe kwa misheni nyingine kisha umfuate.

Kumbuka pia unachokipoteza: aliyetekwa hakupi silaha wala vazi. Vifaa vinaanguka kwa wanaouawa. Kabila lake si la kwako na unahitaji vazi, muue. Ana kinga nzuri na hana udhaifu mkubwa, mteke.

Jongoo84
Na ukishamteka usimwamini moja kwa moja. Kuna ndugu wa damu. Ukimuua mmoja wakati mwenzake ni mtu wako, mtu wako anakugeuka. Kadi inaonyesha undugu huo, lakini watu wanaangalia leveli tu. Upande wa pili, mfuasi mwaminifu anaweza kutokea ghafla na kumzuia anayekaribia kukumaliza.

Kupandisha wafuasi, ulingo wa mapigano ndio wa haraka, ila mara nyingi anayeshindwa hatoki hai. Usimpeleke unayempenda. Na soma kadi za wote wawili: mwenye sumu dhidi ya asiyedhurika na sumu ni kumpeleka machinjioni.

Kaskazi_Gamer
Ngome hazishindwi siku ya vita, zinashindwa kabla. Kila kamanda wa vita ndani ya ngome ameshika sehemu ya ulinzi wake, na ukimuondoa, sehemu hiyo inaondoka naye. Njia mbili: muue kabla ya kuzingira, au penyeza mfuasi wako awe mlinzi wake, kisha umshambulie huku mlinzi wake ni wako. Ya pili ni ndefu lakini ndiyo bora, kwa sababu kamanda ukimteka anabaki kwenye nafasi yake na vita ikianza anawageuka wenzake.

Fedha za mirian zipeleke kwenye vifaa vya kuzingira vinavyojibu ulinzi ulioonyeshwa, usinunue kwa mazoea. Ukuta umeimarishwa, lipia Olog (majitu ya vita) wabeba baruti. Ndani ya ngome teka vituo kwanza, usikimbilie chumba cha enzi, na usisahau kwamba ukifa wewe, mashambulizi yameshindwa.

Simba_wa_Bando
Swali la mfukoni. Nani anajua ukubwa wa Shadow of War kwenye kompyuta, na Shadow of Mordor ya PS3 inafaa?

Bi_Mishale
Shadow of War ni zaidi ya GB 70. Kabla ya kuanza kupakua kwenye Steam, fungua orodha ya nyongeza uondoe tiki kwenye picha za 4K na video za 4K. Ni za hiari, zinakula bando na diski, na kwenye skrini ya 1080p huoni tofauti. Duka la fedha halisi lililoleta kelele 2017 liliondolewa Julai 2018, kwa hiyo usiogope maoni ya zamani.

Shadow of Mordor ya PS3 na Xbox 360 iache. Nemesis yake imepunguzwa, na hicho ndicho unachokinunua.

Simba_wa_Bando
Shukrani. Na gemu jingine lenye mfumo huu?

Mzee_wa_Nurnen
Hakuna lililofika hapo. Warner Bros. walipewa hataza ya mfumo huo Marekani Februari 2021, inakwenda hadi 2036, na Monolith yenyewe ilifungwa Februari 2025. Cheza haya mawili, uanze na la kwanza. Ila sehemu yake ya mtandaoni ilishazimwa, kwa hiyo ukisikia habari za kuhamisha adui wako kwenda gemu la pili kwa Nemesis Forge, hiyo haipo tena.