Ukoo wa Mzee Mshamu 🌴

ALHAMISI

20:06 Da Zuhura: Asalaam aleikum wote. Iddi karuhusiwa hospitali leo mchana, yuko kwake Tabata, alhamdulillahi. Sasa jambo lenyewe. Ile pikipiki yake ya kurukia milima iliyomwangusha itoke kwenye banda la Kigamboni kabla hajaanza kutembea vizuri. Mteja ninaye, wa Mbezi. Mwenye kirikuu cha kubebea ninaye. Jumamosi saa mbili asubuhi. Naomba ndiyo au hapana, sitaki vidole gumba.

20:07 Juma Temeke: 👍🏾

20:07 Da Zuhura: Juma.

20:39 Da Zuhura: Tuko 23 humu, waliosoma 17. Harusini huwa mnajibu haraka.

20:44 Shemeji Deo: Shikamoo dada. Kabla ya kirikuu, petroli imetolewa? Ina wiki mbili sasa. Ikifika mwezi inaacha gundi kwenye kabureta, na ya kwanza kuziba ni jeti ya sailensa, ile ya injini ikinguruma bila gesi, maana tundu lake ni dogo kama la sindano. Mteja atapiga kiki mpaka achoke halafu aseme injini imekufa.

20:45 Da Zuhura: Marahaba. Si mteja aje na petroli yake?

20:49 Shemeji Deo: Mpya haitoi gundi ya zamani. Kijana wa pale afanye hivi: afunge koki chini ya tenki, achomoe mrija, akinge kwenye dumu, kisha alegeze skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta mpaka pakauke. Afanyie nje. Mama Mdogo anabandika jiko la mkaa mlangoni mwa banda hilohilo.

20:50 Shemeji Deo: Na asiipige kiki. Imeanguka na kulala ubavu, oili inaweza kuwa imepanda mpaka kwenye kichujio cha hewa. Kichujio kwanza, kipimo cha oili pili, kiki mwisho.

20:52 Juma Temeke: Mimi naogopa kiki za maskani tu

20:53 Da Zuhura: Juma tuna mgonjwa.

20:58 Shemeji Deo: Dada, mteja akiona usukani umekaa upande atasema chasisi imepinda ashushe bei. Asikubali mtu. Mara nyingi ni vile vishikio vya shokapu za mbele vimejizungusha tu. Unalegeza boliti za juu na chini pamoja na ekseli, unabana tairi ya mbele kwa magoti, unauvuta usukani unyooke, unakaza upya. Dakika 20. Kama shokapu zenyewe zimepinda utajua ukizitoa na kuziviringisha juu ya kioo, iliyopinda inachezacheza. Pa kuogopa ni kichwa cha chasisi pale usukani unapoingilia. Ufa pale hauchomelewi ukauziwa mtu.

21:15 Da Zuhura: Sawa fundi. Na helmeti nimeshaisemea, ni nzuri mno, nampa yule kijana wa bodaboda wa hapa mtaani. Sadaka.

21:16 Shemeji Deo: HAPANA

21:16 Shemeji Deo: Samahani kwa herufi kubwa. Ile imeshafanya kazi yake. Ndani kuna povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na friji mpya. Linasagika mara moja kuokoa kichwa, halirudi. Kwa nje unaona rangi inang'aa, ndani limeshakuwa bapa. Ukimpa kijana wa boda umempa bakuli. Kata mkanda wake, chora msalaba kwa rangi, tupa. Ukiitupa nzima kuna mtu ataiokota.

21:18 Da Zuhura: Sikujua. Basi viatu na ile kola ya shingoni?

21:21 Shemeji Deo: Viatu vinauzika. Kola aikague mtu kwanza, ikiwa na ufa wowote inaifuata helmeti.

21:40 Salma: Samahani nilikuwa zamu. Da Zuhura, mpango wa Jumamosi sijui, ila kuna mambo ya kesho asubuhi. Iddi yuko ghorofa ya pili na ngazi zile hazina mkono wa kushika upande mmoja.

21:43 Salma: Magongo amepewa marefu. Asimame wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole vitatu. Mikono ishike pale kiwiko kimekunjika kidogo. Uzito unakaa kwenye viganja, si kwapani, akining'inia kwapani vidole vitakufa ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu inapita hapo. Na raba za chini zimelika, kwenye vigae vyenye maji atateleza. Zinauzwa peke yake.

21:44 Salma: Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, halafu mbovu na magongo. Kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia, mzima unafuata. Anayemsaidia asimame chini yake siku zote, akipanda awe nyuma, akishuka awe mbele.

21:46 Juma Temeke: Kupanda mzima kushuka mgonjwa. Hii ni Tabata au ni hospitali 😂

21:47 Mama Mdogo: 😂😂😂

21:47 Mama Mdogo: jiko nishalihamisha

IJUMAA

06:12 Da Zuhura: Sabalkheri. Kimya chenu nimekichukua kama ndiyo. Namlipa mtu wa kirikuu nusu leo.

07:30 Kaka Sele Maskati: Nimeamka na jumbe kibao. Zuhura taratibu. Watu wa mchezo huu hawaachi hivyo. Niki Lauda, dereva wa Formula 1, aliungua Nürburgring tarehe 1 Agosti 1976, wiki sita baadaye yuko Monza anashika nafasi ya nne na bandeji kichwani.

07:33 Da Zuhura: Unanisaidia au unanichomea?

07:36 Kaka Sele Maskati: Sijamaliza. Oktoba hiyohiyo, Fuji, mvua inanyesha, ubingwa uko mkononi. Alizunguka mara mbili akaingia kwa mafundi, akashuka. Ubingwa ukaenda kwa James Hunt kwa pointi moja. Hakuna aliyemnyang'anya funguo. Alishuka mwenyewe.

07:38 Kaka Sele Maskati: Na Schumacher alistaafu magari 2006. Akahamia pikipiki! Februari 2009 akaanguka Hispania, akaumia shingo. Mwaka huohuo Ferrari wanamhitaji kuziba nafasi ya dereva wao Massa, shingo ikagoma. Kuuza chombo si kuacha mchezo. Ukiondoa hii ataleta mwamvuli wa upepo wa kuteleza baharini kule Paje, na huko kuna nyaya.

07:41 Juma Temeke: Tumpe kazi ya bendera uwanjani. Ya njano, inapepea mtu akianguka, wanaokuja hawaruhusiwi kupitana wala kuruka kile kilima. Anabaki na wenzake, miguu chini.

07:42 Shemeji Deo: Hilo si baya kabisa. Mtu mwenye jicho la dereva ndiye anapepea mapema.

07:43 Juma Temeke: Tatizo Iddi ni Simba. Njano haishiki

07:44 Mama Mdogo: Ashike nyekundu basi

07:44 Shemeji Deo: Nyekundu inasimamisha mashindano yote

07:45 Juma Temeke: Ndio maana Simba wanaipenda 😂😂

07:45 Mjomba Pembe: WEWE JUMA MSIMU ULIOPITA ULIJIFICHA SIMU SIKU TATU

07:51 Juma Temeke: Mjomba shikamoo. Ile ilikuwa chaji.

08:20 Da Zuhura: Mmemaliza mpira? Nimeuliza swali moja tangu jana.

08:34 Salma: Kuhusu kurudi kuendesha, wengine mnadhani ni mpaka gongo litupwe. Paja lake lina chuma ndani ya uboho, juu na chini kimefungwa skrubu. Kinashika mfupa upone, si cha kubeba maanguko. Akianguka tena kikiwa ndani kinaweza kupinda pamoja na mguu, na chuma kilichopinda ndani ya mfupa ni kazi nzito kukitoa. Picha ya wiki ya sita ndiyo itasema aukanyagie kiasi gani. Mfupa wa paja kuunga miezi mitatu mpaka sita, na hapo shisha iwe mbali, inachelewesha.

08:37 Salma: Kichwa nacho. Bado taa na kelele zinamsumbua, simu ni dakika chache tu. Kugongwa mara ya pili kabla pigo la kwanza halijapoa ndiko kunakoweza kuua. Na Wifi Rehema, kigimbi kikivimba upande mmoja na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, usiandike humu. Gari, hospitali.

09:05 Da Zuhura: Mmesikia? Ndiyo maana nasema iuzwe.

09:06 Kaka Sele Maskati: Hajasema hivyo.

09:10 Da Zuhura: Sele wewe uko Maskati. Hospitalini nani alilala kwenye benchi?

09:11 Kaka Sele Maskati: Nilijua utafika hapo. Tukianza kuhesabu, tuanze na Datsun.

09:11 Da Zuhura: Usiilete Datsun humu.

09:12 Kaka Sele Maskati: Nani alisaini?

09:12 *Da Zuhura amefuta ujumbe huu*

09:13 *Da Zuhura amefuta ujumbe huu*

09:14 Juma Temeke: Nilisoma cha kwanza 😳

09:58 Shemeji Deo: Nirudi kwenye mzigo kama utasafirishwa. Haina taa wala namba, haiendeshwi barabarani hata hatua moja. Bodi ya kirikuu haifiki mita 2, pikipiki ina mita 2 na sentimita 18 hivi. Ikae mshazari au geti la nyuma libaki wazi na kitambaa chekundu. Tairi ya mbele iguse ukuta wa mbele, gia ya kwanza. Mikanda miwili kutoka kwenye usukani kwenda pembe za mbele, miwili nyuma. Kati ya tairi na madigadi ya mbele weka kipande cha mbao, halafu ndio ukaze. Bila mbao watu wanakaza mpaka shokapu zinaisha, shimo la kwanza tu sili za oili zinatoka.

10:02 Shemeji Deo: Na mkataba uwe na namba ya chasisi, imegongwa upande wa kulia kichwani pa usukani, na namba ya injini. Mashahidi wawili. Anayesaini ni mwenye mali.

10:02 Shemeji Deo: Sijamlenga mtu.

13:47 Salma: Nipo Kigamboni kwa Bibi. Amesomewa yote tangu jana. Anasema niandike neno kwa neno.

13:49 Salma: "Iddi amevunjika mguu, hakuvunjika ulimi. Hakuna chombo cha mtu kitakachotoka kwenye banda langu mwenyewe amelala kitandani. Sitaki tena mtu aamke katika nyumba hii aulize funguo. Zuhura ulifanya kwa uchungu wakati ule, najua, na sasa ni uchungu huohuo. Njoo ule wali."

13:50 Mjomba Pembe: SHIKAMOO MAMA

13:50 Mama Mdogo: Shikamoo Mama

13:51 Juma Temeke: Shikamoo Bibi 🙏🏾

13:51 Kaka Sele Maskati: Shikamoo Bibi.

13:58 Salma: Marahaba anasema. Na banda lisinukie petroli.

15:30 Da Zuhura: Shikamoo Bibi. Nimesikia.

15:31 Da Zuhura: Mteja nimwambie nini basi, maana kesho ameomba ruhusa kazini.

18:22 Wifi Rehema: Asanteni wote kwa dua. Raba za magongo zimepatikana, ni kipenyo cha milimita 19, Salma amepima. Ngazi tumejaribu mara mbili kwa mtindo ule.

18:25 Wifi Rehema: Mimi nina swali moja tu. Mnazungumzia kubwa. Na kile kipikipiki cha watoto cha 50 cha Farhani?

18:26 Mama Mdogo: Kipi?

18:26 Da Zuhura: KIPI

18:40 Juma Temeke: Mimi nilibeba tu. Sikuuliza kilichomo kwenye boksi.

18:52 Shemeji Deo: Kama ni cha sisi 50 kuna skrubu kwenye mkono wa gesi, ukiizungusha kuingia ndani gesi haifunguki yote. Injini yenyewe kama ni ya kuchanganya oili 1 kwa 40, ni mililita 25 kila lita.

18:53 Da Zuhura: Deo nani amekuuliza jinsi ya kukiwasha?

18:53 Shemeji Deo: Samahani.

21:04 Iddi: Salma ameniruhusu dakika tano

21:05 Iddi: Shikamoo Bibi. Da Zuhura shikamoo, asante kwa kulala kwenye benchi

21:06 Iddi: Deo tenki lilikuwa na lita 3 hivi. Kichujio kilichomo kimeshatumika, kikitoka kisirudishwe. Bomba la moshi lizibwe kitambaa manyigu wasijenge. Cheni ipakwe, chumvi ya Kigamboni haina huruma

21:08 Iddi: Helmeti kata mkanda. Niletewe nione imekatwa

21:09 Iddi: Kubwa tuongee baada ya picha ya wiki ya sita. Simuahidi mtu

21:10 Iddi: Kidogo kiondoke kesho

21:10 Wifi Rehema: Kiende wapi?

21:11 Iddi: dakika zimeisha

21:20 Da Zuhura: Kiende wapi ndio swali.

21:21 Da Zuhura: Na kirikuu nimeshalipa nusu. Kinachobebwa ni kipi?

21:48 Da Zuhura: Jamani.

JUMAMOSI

05:57 Mjomba Pembe: MIMI NDIO NASOMA SASA. NDIYO IUZWE

06:03 Juma Temeke: Mjomba 😂 soma mpaka chini

06:40 Da Zuhura: Mwenye kirikuu ananipigia, yuko darajani Kigamboni. Nani ana ufunguo wa banda?