Nimechaguliwa kwenda Minnesota wiki mbili na usharika. Nikajifunze nini hasa?

Mwanakwaya wa Kilolo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili, usharika wa KKKT huku Kilolo. Wenye asili ya Iringa mnajua dayosisi yetu ina undugu na Walutheri wa Saint Paul kule Minnesota, ule tunaouita Bega kwa Bega, tangu 1987. Miaka yote tumezoea wao ndio wanakuja. Tunawaimbia, tunawavika mgolole, wanapanda miti, tunapiga picha, wanaondoka. Safari hii wamesema na sisi twende. Wazee wa kanisa wamechagua watu wanne na mimi nimo.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Kwenye kikao mzee mmoja alisimama akasema nauli ya hao wanne inapaua kanisa la mtaa ambalo huu ni mwaka wa tatu halina bati. Baba mkwe naye kaniuliza, "Unakwenda kumhubiria nani, waliotuletea Injili?" Nikakosa jibu. Ni umisionari, ni matembezi, au tunakwenda kuomba msaada kwa adabu? Mliowahi kwenda safari fupi kama hizi, mlijifunza nini? Na nibebe nini? Tunaondoka Februari.

Fundi Bati

Dada, hongera, ila mimi niko na huyo mzee. Rebmann, yule Mjerumani, aliingia pwani ya Mombasa mwaka 1846, akaondoka Rabai 1875, macho hayaoni. Apolo Kivebulaya alitoka Uganda 1896 akaenda Boga, Kongo, na huko huko ndiko alikozikwa 1933. Hao ndio wamisionari. Wiki mbili, ukitoa siku za ndege na za usingizi kukukataa, unabaki na siku ngapi? Huyo ni mgeni wa harusi. Bati geji 28 mnajua bei yake.

Mama Tumaini, Kihesa

Mdogo wangu, kwanza mwambie baba mkwe, kwa heshima zote, kwamba Injili huku kwetu ililetwa na Wajerumani. Pomerini ya hapo Kilolo imechukua jina la Pommern ya kwao. Hao wa Minnesota ni ndugu tuliowapata ukubwani.

Mimi nimetafsiri kwa wageni miaka kumi na moja, na mwaka 2016 nikaenda kwao. Nikueleze mawili, yote ya aibu kidogo.

La kwanza. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa kwenye mnada wa sadaka. Mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua kuku kwa bei ya mbuzi, akabaki kamshika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza. Wakampa nafasi aseme neno. Akasema, machozi yakimlengalenga, kwamba watu hawa ni maskini lakini wana furaha sana. Mimi nikatafsiri: "Mgeni anasema amefurahi mno kuwa nasi." Vigelegele! Na mama aliyepiga vigelegele kuliko wote ndiye mwenye kuku. Alikuwa amemkopa kwa jirani usiku uliopita ili asije mnadani mikono mitupu. Nilijua, maana huyo jirani ni mimi.

Mzee wa watu hakuwa mbaya. Alikuwa ana siku nne tu nchini na ameshatujua wote.

Nikasema mimi siwezi kufanya hivyo. Haya, la pili. Tumefika kwao Kwaresima. Kila Jumatano jioni wanakunywa supu pamoja ukumbini kabla ya ibada, supu za kila aina, kila nyumba na sufuria yake. Siku ya tano wakaniomba nizungumze. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu kilichonyooka: nyie mna nyumba kubwa ila mko wapweke, sisi hatuna kitu ila tuna watu. Wakapiga makofi. Hapakuwa na mtafsiri wa kunifichia.

Kwenye gari mwenyeji wangu, bibi wa miaka sabini na kitu, hakusema neno. Kufika nyumbani akaniambia maziwa yako kwenye friji. Pale mlangoni pa friji ndipo nikaona karatasi ambayo nilikuwa nimeipita siku zote nne: majina, siku, saa. Jumatatu fulani, Jumatano fulani, Ijumaa fulani. Nikamuuliza ni nini. Ni watu wa kanisani wanaompeleka mumewe kusafishwa damu kwa ajili ya figo, mara tatu kwa wiki, mwaka wa nne huo. Mwanamume mmoja kwenye orodha ile ndiye alinipigia makofi kwa nguvu pale ukumbini. Nilisimama na lile galoni la maziwa mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaomba radhi. Akacheka, akasema hata yeye alipokuja Iringa alisema mengi.

Kwa hiyo ukiniuliza nilijifunza nini, nilijifunza kufunga mdomo mpaka angalau siku ya kumi. Hilo la "sisi tuna upendo, wao wana pesa" liache hapo hapo uwanja wa ndege wa Dar. Na usikubali kuhubiri wiki ya kwanza. Omba kuosha vyombo. Wenye nyumba husema yao jikoni, kule kama huku.

Fundi, kuhusu Rebmann sibishi. Ila uamsho wa Gahini, Rwanda, miaka ile ya 1930, ulivuka kuja Tanganyika, Kenya na Burundi kwa miguu ya nani? Timu za ndugu! Wanakuja siku chache, wanalala nyumbani kwa watu, wanakula kilichopo, wanatubu mbele za wenyeji wao hata deni la shilingi, wanarudi kwao. Hata wale Bwana aliowatuma wawili wawili kwenye Luka 10 hawakwenda kuhamia. Waliambiwa wasibebe mfuko, na wale watakachowekewa. Kula ulichowekewa ni kazi, asikwambie mtu. Mimi nimekula viazi vilivyofunikwa kwa jibini na supu ya uyoga ya kopo siku sita.

Fundi Bati

Mama, umesema vizuri. Lakini bado hujapaua.

Mama Tumaini, Kihesa

Bado, kweli. Mzee ana hoja na aulize kila mwaka. Nakuongezea moja tu halafu nikachambue mboga.

Siku moja tuliingia duka la Msomali pale Minneapolis, mimi, yule bibi na mwenzangu mmoja, kwa sababu nilisikia harufu ya sambusa. Nikamwambia mwenzangu niliyetoka naye Iringa, "Hii iliki hii!" Mama mwenye duka akageuka: "Mmetoka wapi nyie?" Kiswahili safi, kakulia Kenya, kambi ya wakimbizi ya Dadaab na Eastleigh ya Nairobi. Tukakumbatiana kama tumezaliwa pamoja. Nageuka, bibi yangu amesimama mlangoni na koti lake mkononi, hajui akae wapi. Anaishi dakika kumi na tano kutoka pale na hajawahi kuingia. Nikamvutia kiti. Yaani mimi ndiye niliyemkaribisha mwenyeji wangu mjini kwake. Waliongea saa nzima habari za magoti.

Mwanakwaya wa Kilolo

Asante mama, nimecheka na nimeona haya, maana hotuba ya upweke nilishaiandika. Na baridi je? Wanasema Februari watu wanavua samaki wakiwa wamekaa juu ya ziwa.

Mama Tumaini, Kihesa

Wanatoboa barafu kwa keekee, wanaweka kibanda juu, wanashusha ndoano. Nimekaa humo, sikupata samaki. Koti langu bado lipo limening'inia tu nyuma ya mlango, pita Kihesa Jumamosi ulichukue. Zipu inakwama kidogo pale chini, uivute kwa upole. Na uje na kuku, nilishawahi kukopesha mmoja akaenda jumla.