Dubu na mbwa mwitu wa Lamar: aliyezoea kutafuta chui kwa gari ajipange vipi?

Dereva_Menengai (Nakuru)

Hamjambo wote. Kuna safari ya siku nne kwenda bonde la Lamar, ndani ya hifadhi ya Yellowstone kule Marekani, wiki ya mwisho ya Mei. Tuko watatu, wote waongozaji wa watalii wa Nakuru na Naivasha, na tunachotaka ni vitu viwili tu: dubu aina ya grizli na mbwa mwitu. Nikisema mbwa mwitu nina maana ya yule wa Ulaya na Marekani, si hawa wetu wenye mabaka wa Laikipia.

Ziwa Nakuru mchezo tunaujua: geti linafunguliwa saa kumi na mbili, unazunguka polepole ukikagua matawi ya migunga, na mwenzako akimwona chui anakupigia simu unakimbia huko. Je, Lamar mbinu hiyo inafaa? Tusimame wapi hasa, na saa ngapi? Darubini zetu za mkononi ni 8x42 (zinakuza mara 8, lenzi ya milimita 42), zinatosha? Mtu anaruhusiwa kushuka garini, na dubu akija anafanyaje? Halafu naambiwa wageni wengi hurudi nyumbani wakidhani wamemwona mbwa mwitu kumbe ni koyote, jamaa yake mdogo. Tofauti ni ipi?

---

Nzohe_wa_Saiwa (Kitale)

Hiyo mbinu iacheni Nakuru. Hifadhi yenu ina kilomita za mraba 188 na imezungushiwa ua. Yellowstone ina karibu 9,000, wanyama wanaingia na kutoka watakavyo, na gari haliruhusiwi kuacha barabara. Na kupigiana simu kusahau, sehemu kubwa ya bonde haina mtandao. Mnyama humfuati. Unachagua egesho, unazima injini, unasimamisha darubini na kuuchambua mlima ulio mbele yako. Kwetu kinachokaribiana na kazi hiyo ni kumngoja nzohe, swala wa kinamasi, juu ya majukwaa ya mbao pale hifadhi ya Saiwa: unafika kabla ya mwanga, unatulia, yanayotembea ni macho. Kabla ya safari kaeni Saiwa asubuhi mbili. Kuzunguka na Land Cruiser mwezi mzima hakutawafunza hilo.

Mahali: barabara ya kutoka Gardiner kupitia Mammoth na Tower hadi Cooke City ndiyo pekee ndani ya hifadhi inayopitika kwa gari la kawaida mwaka mzima. Mammoth hadi makutano ya Tower ni kilomita 29, na kutoka hapo hadi geti la kaskazini mashariki ni 47. Anzeni Slough Creek. Pakikaa kimya, songeni mbele kwenye maegesho yanayotazama Specimen Ridge upande wa kusini, halafu pale mto Lamar unapokutana na Soda Butte Creek. Bonde la Hayden, katikati ya hifadhi, ni zuri sana kwa grizli, lakini tazameni ramani vizuri: njia ya mkato kutoka Tower kupitia Dunraven hufunguliwa mwishoni mwa Mei, theluji ikiruhusu. Ikiwa bado imefungwa mtazunguka kupitia Mammoth na Norris, na hiyo ni asubuhi nzima imepotea. Kwa siku nne mimi ningebaki Lamar siku tatu.

Saa ndiyo inayowaangusha Wakenya wengi. Sisi tumezoea jua linalochomoza karibu saa kumi na mbili unusu Januari hadi Desemba. Kule mwisho wa Mei linachomoza kama saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, na mwanga wa kumtambua mnyama kwa darubini nzuri unakuja nusu saa kabla. Maana yake saa kumi na moja kamili muwe mmeshaegesha. Mkilala Gardiner, ondokeni saa kumi usiku. Ni karibu saa nzima hadi Slough Creek, kwa sababu baisani (ng'ombe pori wakubwa wa Marekani) husimama katikati ya lami gizani na manyoya yao meusi hayarudishi mwanga wa taa. Jioni jua linatua karibu saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Siku ina zaidi ya saa kumi na tano, kwa hiyo laleni mchana. Mbwa mwitu naye hulala, mara nyingi kuanzia saa tatu au nne asubuhi.

Mwezi mmechagua vizuri. Mbwa mwitu huzaa katikati ya Aprili, kwa hiyo mwisho wa Mei watoto bado wako kwenye shimo na wakubwa wanalazimika kurudi pale kila siku na nyama tumboni. Ukijua mlima wenye shimo, unajua njia yao ya asubuhi. Kwa upande wa dubu, huo ndio wakati elki, kulungu wakubwa wa huko, wanaanza kuzaa. Ndama wa elki siku za kwanza hakimbii, hulala akajificha kama mtoto wa swala granti, na grizli huingia kwenye vichaka vya seji akienda kushoto na kulia, pua chini, akipepeta eneo kipande kwa kipande. (Seji kwa mbali ni kama leleshwa ya Gilgil, rangi ileile ya majivu.) Mkimwona elki jike amesimama akimkodolea macho dubu badala ya kukimbia, msiondoe darubini hapo.

---

Jicho_la_Dunga (Kisumu)

Niongezee upande wa vifaa. 8x42 ni nzuri kwa kutafutia, haitoshi kwa kuonea. Mbwa mwitu wa Lamar mara nyingi yuko kilomita moja hadi tatu. Piga hesabu: mnyama aliye kilomita 2, kwa nguvu 8 unamwona kama yuko mita 250, kwa nguvu 40 ni kama yuko mita 50. Kwa hiyo mnahitaji angalau darubini moja kubwa ya kusimamisha, lenzi ya mbele milimita 65 hadi 85, inayokuza 20 hadi 60. Moja ya 80 kwa watu watatu ni afadhali kuliko tatu za bei ya chini.

Kosa la kwanza ni kuanza na 60. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa nguvu ya kukuza: 80 kwa 20 ni milimita 4 za mwanga zinazofika kwenye jicho, 80 kwa 60 ni 1.3 tu. Alfajiri, wakati wanyama wanatembea, picha ya 60 ni giza tupu. Isitoshe, kwa 20 unaona upana wa karibu mita 35 hadi 40 kwa umbali wa kilomita moja, na kwa 60 unabaki na nusu yake. Tafuta kwa 20 au 25, ukishampata kuza polepole hadi 40.

La pili ni hewa. Jua likishapanda, ardhi inapata joto na hewa inaanza kucheza kama mazigazi juu ya lami ya barabara ya Nairobi. Hapo hata darubini ya bei ya gari haisaidii. Mbwa mwitu anageuka doa linaloogelea. Shusha nguvu, au hamia upande ambao mstari wako wa kuona unapita juu ya theluji au juu ya korongo badala ya kupita karibu na ardhi iliyopigwa na jua. Kuangalia kupitia dirisha la gari lenye hita ni tatizo hilohilo: hewa moto inatoka, hewa baridi inaingia, na picha inatetemeka hata gari likiwa limezimwa.

La tatu, stendi ya miguu mitatu iliyo nyepesi. Upepo wa Lamar si mchezo. Usivute nguzo ya katikati juu, fungua kwanza miguu minene, ning'iniza begi chini. Chukua darubini yenye kiangalio kilichopinda, siyo iliyonyooka: stendi inakaa chini zaidi, na mtu mrefu na mfupi wanapokezana bila kuigusa.

Namna ya kuchambua mlima: chukua mstari wa juu kabisa, toka kushoto kwenda kulia, shuka nusu ya upana wa picha, rudi. Usikimbize. Simama kwenye kingo, yaani pale msitu unapokutana na nyasi na pale theluji inapoishia. Ukimaliza, ngoja dakika kumi urudie mlima uleule. Mbwa mwitu aliyelala kwenye seji haonekani mpaka ainue kichwa. Na msisahau wapelelezi wa bure. Kunguru wengi wanaopanda na kushuka mahali pamoja, pamoja na tai mwenye kichwa cheupe (binamu wa furukombe wetu wa Dunga), wamekuonyesha mzoga. Elki kumi wakitazama upande mmoja masikio yamesimama wamekuonyesha kitu hai.

Ukimpata, usiseme "pale, pale!" Anza na alama kubwa, shuka hadi ndogo: mti mkavu uliogawanyika, chini yake jiwe jeupe, kulia vidole viwili kwa mkono ulionyooshwa.

---

Mti_Mkubwa (Kakamega)

Usalama na kutofautisha, kwa ufupi iwezekanavyo.

Kushuka garini ruhusa ipo, na ndivyo watu wanavyofanya, wanasimama pembeni ya barabara na stendi zao. Sheria ni umbali: mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, mita 23 kutoka kwa baisani, elki na wengine. Dubu akikusogelea mwenyewe, wajibu wa kuongeza umbali ni wako. Kuwaita kwa sauti, kuigiza mlio wa mbwa mwitu, kumulika kwa tochi, kurusha droni na kutupa chakula, yote marufuku. Msisimame katikati ya barabara hata kama dubu yuko mita 100; foleni ya dubu inafanana kabisa na foleni ya chui kule Nakuru, ila askari wa huko anaandika faini.

Baisani ndiye amejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote katika hifadhi hiyo. Anaonekana ng'ombe mzembe, anakimbia kilomita 55 kwa saa. Mchukulieni kama nyati.

Dawa ya pilipili ya kupulizia dubu: kila mtu abebe yake kiunoni au kifuani, si ndani ya begi. Inafika takriban mita 9. Ondoa kibanio cha usalama, elekeza chini kidogo mbele ya dubu anayekuja, uanze kupuliza akiwa bado mita 10 na zaidi ili aingie mwenyewe kwenye wingu. Si marashi, usijipake wala usipake hema. Upepo ukikupiga usoni sogea pembeni kwanza kama nafasi ipo. Usikimbie hata kidogo. Grizli akikugusa kwa kujihami, lala kifudifudi, begi mgongoni, mikono nyuma ya shingo, tulia mpaka aondoke. Dubu mweusi akikushambulia, usilale: pigana.

Kuwatofautisha hao dubu usitumie rangi. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia na grizli anaweza kuwa karibu mweusi. Tazama nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea kama kijiko na masikio mafupi ya mviringo: grizli. Uso ulionyooka, masikio marefu, na makalio yaliyo juu kuliko mabega: dubu mweusi. Kwa kilomita 2 nundu ndiyo inayobaki.

Koyote ana kilo 12 hadi 17, mbwa mwitu ana 32 hadi 59, lakini mlimani hamna mizani. Koyote ana pua nyembamba na masikio makubwa yaliyochongoka, anatembea kama bweha, miguu inadundadunda. Mbwa mwitu ana miguu mirefu, kichwa kipana, na mwendo wa kuteleza. Pia karibu nusu ya mbwa mwitu wa Yellowstone ni weusi. Mkiona mstari wa wanyama watano wakifuatana na wawili ni weusi tii, mjadala umeisha.

Neno la pembeni kuhusu jina: yule bweha wa dhahabu wa kwetu, tangu uchunguzi wa jeni wa 2015, anahesabiwa spishi tofauti, mbwa mwitu wa Afrika. Kwa hiyo mbwa mwitu tunaye hata hapa, mdogo tu.

---

Dereva_Menengai (Nakuru)

Shukrani sana. Mawili: dawa hiyo ya pilipili tunaweza kuinunua mapema na kusafiri nayo? Na hao mbwa mwitu wako wangapi, isije ikawa tunangoja mizimu?

---

Mti_Mkubwa (Kakamega)

Ndege hairuhusu, si kwenye mzigo wa mkononi wala ule wa chini. Nunueni Gardiner au maduka ya ndani ya hifadhi, mkague tarehe ya kuisha muda, na msirudi nayo.

---

Nzohe_wa_Saiwa (Kitale)

Mizimu la. Waliuawa wote hadi wale wa mwisho 1926, kisha wakarudishwa kutoka Kanada: 14 mwaka 1995 na 17 mwaka 1996. Miaka ya karibuni idadi ndani ya hifadhi imezunguka 100 hivi. Hao ni wachache kwa eneo hilo, ndiyo maana ukifika egesho lenye darubini sita zimeelekea upande mmoja, egesha hapo, salimia, uulize wanaangalia nini. Wengi watakuachia kiangalio bila kinyongo. Usisimame mbele ya lenzi ya mtu, funga mlango wa gari polepole, na usiwashe taa za nyuma kwa kukanyagakanyaga breki.

Na mahali pa shimo la watoto msipaandike mtandaoni. Nje ya mipaka ya hifadhi, upande wa Montana, kuwinda mbwa mwitu ni halali kwa msimu.

---

Jicho_la_Dunga (Kisumu)

Na makoti. Mwisho wa Mei theluji bado inaweza kuanguka Lamar, iko juu kama mita 2,000 na alfajiri inashuka chini ya sifuri. Nguo za baridi ya Timboroa hazitoshi kwa mtu anayesimama saa tatu bila kutembea. Soksi mbili, glavu nyembamba za kuzungusha lenzi ndani ya nene, na betri za simu na kamera mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo saa kumi na mbili asubuhi zote zimezima.