Taa ya mbele ya pikipiki imefifia: nibadilishe balbu au tatizo liko kwingine?

Msafiri wa Usiku
Wakuu, naombeni ushauri. Pikipiki yangu inatumia balbu ya halojeni aina ya H4, wati 60 kwa fuli (mwanga wa mbali) na 55 kwa dimu (mwanga wa chini). Zamani ilimulika vizuri. Siku hizi mwanga ni wa manjano, umechoka, na shimo naliona tairi likiwa limeshaingia. Wiki iliyopita nusura nimgonge mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, na tangu hapo sina amani nikiendesha usiku. Nimeshaweka balbu mpya mara mbili, aina ileile, sioni tofauti. Muuza vipuri anasema niweke ya wati 100/90. Rafiki yangu anasema LED, zile taa za vipande vidogo visivyo na uzi wa kuwaka. Nifuate lipi?

Fundi Waya
Pole sana mkuu. Hiyo ya wati 100 usiichukue. Balbu ya wati 60 kwenye volti 12 inavuta ampea 5. Ya wati 100 inavuta zaidi ya 8. Waya na swichi ya kwenye usukani havikuwekwa kwa mzigo huo. Soketi itaanza kuyeyuka, na kama kiakisi cha ndani ya taa ni cha plastiki kitababuka, utanunua taa nzima.

Balbu mbili mpya zikishindwa kuleta tofauti, mimi nashuku umeme haufiki. Una multimita, kile kipimo cha umeme? Washa injini na taa, pima volti kwenye betri, kisha pima nyuma ya balbu soketi ikiwa imechomekwa. Ukiichomoa hakuna mzigo, na kipimo kitaonekana kizuri wakati si kizuri. Halafu niambie: ukivuta mafuta mwanga unapanda, ukiachia unashuka?

Dada wa Barabara
Mimi natumia LED mwaka wa pili sasa na nimeridhika. Mwanga mweupe, na inavuta umeme kidogo. Ila msikilize Fundi kwenye hilo swali la mwisho. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ndogo, taa yake ilichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini bila kupitia betri. Umeme wa namna hiyo unageuka-geuka, na LED niliyoweka ikawa inapepesa vibaya, ikafa baada ya muda mfupi.

Kapteni wa Vumbi
Dada, LED yako umeijaribu ukutani? Nauliza kwa nia njema, maana mimi hukutana na LED usiku na kwa sekunde kadhaa sioni kitu. Kiakisi cha H4 kimechongwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. Uzi wa dimu una kikombe kidogo cha chuma chini yake kinachozuia mwanga usipande machoni mwa anayekuja. LED ambayo vipande vyake vya mwanga havikukaa palepale penye uzi hutawanya mwanga kila upande: mbele ya tairi panang'aa sana, mbali ni giza, na mwenzako anapofuka. Tena nchi kadhaa haziruhusu LED kwenye taa iliyoidhinishwa kwa halojeni, kwa hiyo angalia sheria ya ulipo.

Dada wa Barabara
Ni kweli kaka. Yangu ina vipande viwili vyembamba vinavyotazama kushoto na kulia, na mstari wa dimu ukutani ni mkali. Nilirudisha mbili kabla ya kuipata hiyo.

Msafiri wa Usiku
Nimepima wakuu. Betri 13.8, nyuma ya balbu 11.6. Nikivuta mafuta mwanga haubadiliki sana.

Fundi Waya
Basi ugonjwa ndio huo. Unapoteza volti 2.2 njiani. Mwanga wa halojeni hupungua kwa kasi kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, karibu asilimia 30 ya mwanga imekwenda. Wewe umepoteza asilimia 16, kwa hiyo unaendeshea zaidi kidogo ya nusu ya mwanga uliostahili. Hata ile ya wati 100 ingezidisha upotevu huohuo.

Anza na waya wa hasi. Fungua pale unaposhikwa kwenye fremu, sugua kutu mpaka chuma king'ae, kaza. Safisha na vichwa vya soketi. Kisha funga relei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa; namba za pini zimeandikwa juu yake), moja ya fuli na moja ya dimu. Waya mnene utoke betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, uingie namba 30 ya relei, utokee 87 kwenda kwenye balbu. Waya wa zamani wa swichi ubaki na kazi ya kuamsha relei tu, kwenye 86, na 85 iende hasi. Kwanza hakikisha swichi yako inakata upande wa chanya. Pikipiki nyingine hukata hasi, na hapo mpangilio hubadilika.

Kapteni wa Vumbi
Ukiwa umefungua, usishike kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi huifupishia maisha; ukigusa, futa kwa spiriti.

Msafiri wa Usiku
Nimerudi. Kutu kwenye hasi ilikuwa nyingi ajabu. Nimefunga relei, sasa nyuma ya balbu napata 13.4. Balbu ni ileile ya zamani! Jana usiku nimeona alama za barabarani ambazo nilishasahau kuwa zipo. Asanteni sana, kutoka moyoni. Ila wanaokuja sasa wananipigia fuli, nadhani nawaumiza macho.

Fundi Waya
Taa imeelekea juu, zamani haikuonekana kwa sababu ilikuwa dhaifu. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani, uwanja uwe sawa. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa kimo hichohicho. Mstari wa juu wa dimu ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Toa stendi na uikalie mwenyewe wakati mwingine akirekebisha skrubu, na kama kwa kawaida unabeba abiria, mpandishe nyuma kabla hujapima.