Bendi kupita Mikumi usiku baada ya kupiga: wazoefu naomba ushauri

TumbaMpya

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mpiga tumba, nimejiunga na bendi ya dansi hapa Morogoro miezi miwili iliyopita. Wiki ijayo tuna ziara: Ijumaa tunapiga hapa Moro, Jumamosi Iringa, Jumapili Makambako. Kiongozi anataka Ijumaa tukimaliza, kwenye saa nane usiku, tupakie vyombo na kuondoka hapo hapo. Maana yake hifadhi ya Mikumi tunaipita usiku wa manane. Mama ameshasikia, hana usingizi. Ni kweli wanyama wanaingia barabarani? Nijiandae vipi?

BesiMkongwe

Mdogo wangu, hongera kwa kupata bendi. Nimepiga besi miaka 22 na barabara hiyo nimeipita mara zisizo na idadi.

Wanaingia, tena sana. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi na haina uzio. Ndiyo maana mwendo ni 70 mchana na 50 usiku. Dereva akitaka kukanyaga mafuta hapo, mkatazeni wote kwa sauti moja.

Usiku mmoja wa masika tulikuwa tunarudi kutoka Iringa na Coaster, mimi nimekaa mbele. Dereva akapunguza, akasimama. Sikuona kitu, ila lami mbele yetu ilikuwa kama imeinuka. Kumbe tembo jike amesimama ubavu, na usiku ngozi yake haina tofauti na barabara. Ana ndama wawili, mmoja bado yuko kwenye majani. Dereva akashusha taa, akazima injini, hakugusa honi.

Tukakaa kimya, watu 14. Ndipo kifua kikaanza kunitetemeka, kama umesimama mbele ya spika ya besi, lakini sikioni hamna sauti. Baadaye sana mhifadhi mmoja akanieleza kuwa tembo huitana kwa ngurumo, nyingine chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ambazo sikio la mtu halizipati, na wenzao huzisikia kutoka kilomita kadhaa. Waya wangu mnene kabisa, E, ni hezi 41. Yule mama alikuwa anapiga besi ambayo gitaa langu halina.

Sasa linaloniuma. Siku ile tulipona kwa sababu dereva alikuwa amelala gesti mchana kutwa. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari hapo hapo Morogoro mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, naye wa Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, ana miaka 34 tu. Mji mmoja, waimbaji wawili wa namna ile, na hakuna aliyeuawa na simba. Mwambieni kiongozi dereva asikeshe ukumbini. Vizuri zaidi laleni Moro, muondoke alfajiri. Iringa ni kilomita 300 hivi, mtafika mchana na jioni mtapima sauti bila haraka.

TrelaLaTunduma

Besi kamaliza. Naongeza nyani: mchana fungeni vioo na msiwatupie hata ganda la ndizi. Chakula cha abiria ndicho kinachowaleta kwenye lami, na hapo ndipo wanapogongwa. Mkigonga mnyama kuna faini, na kila mnyama ana kiwango chake.

MwimbajiWaTanga

Mdogo wangu, hata nje ya hifadhi uwe macho. Mimi ni wa taarabu. Tulialikwa harusini Pangani, saa tisa usiku nikasikia mtoto analia nyuma ya nyumba tuliyopewa. Nikatoka na tochi mbio, nimejua kuna kichanga kimetupwa. Juu ya mnazi nikaona macho mawili yanawaka: komba, kakumbatia kibuyu cha mgema. "Kulewa kama komba" nilikuwa naisema tangu utoto, siku hiyo ndiyo nikaielewa.

Na tumba zako, masika usizilaze sakafuni. Za mwenzetu mmoja ziliingia siafu usiku, asubuhi tukawatoa kwa moshi na ngozi moja ikaharibika.

TumbaMpya

Asanteni sana, nimemsomea mama yote. Kiongozi amekubali dereva alale mchana na asije ukumbini. Kuhusu kuondoka alfajiri anasema tutaamua Alhamisi kwenye mazoezi, na wapiga vyombo karibu wote wako upande wangu.

Kaka Besi, ule mtetemo ulidumu muda gani?

BesiMkongwe

Kama wimbo mmoja wa dansi pamoja na sebene lake. Yule ndama wa pili alipovuka, ukakoma.